Rugenge: Alimantasio na kable visinunuliwe kwa feza inayobaki

Katika kartie Rugenge, mjini Uvira, chumba cha michezo ya kompyuta si mahali pa vijana peke yao. Vijana wanalipa franga ili wacheze mpira kwenye ekra, na pembeni, kwenye multiprize ileile, zimefungwa simu za majirani na za familia zilizokimbia vita. Mama aliyeshuka toka milima ya Uvira ao aliyekimbia bonde la Ruzizi, akiacha simu yake pale ichajiwe, ameacha njia yake ya kujua kama ndugu aliowaacha nyuma bado wazima. Kwa hiyo, mwenye chumba anapochagua alimantasio na kable za kompyuta yake, hachagui kwa ajili yake peke yake.

Kuna desturi moja mbaya, na inafaa isemwe waziwazi. Kijana akikusanya feza ya kuunganisha kompyuta ya michezo, anaanza na kadi grafike, kisha prosesa, kisha taa za rangi. Alimantasio, kile kisanduku cha chuma kinachogawa umeme kwa mashine nzima, inakuja mwisho, na inanunuliwa kwa feza iliyobaki mfukoni. Hapo kazi imepinduliwa miguu juu. Kadi grafike ikiwa zaifu, mchezo utaenda polepole tu. Alimantasio ikiwa mbaya, inaweza kuua kadi, disiki na kila kitu ilichofungiwa, na siku mbaya zaidi inaweza kuwasha moto katika nyumba zilizobanana.

Kila mkaaji wa Uvira anajua delestaji. Umeme wa mji unatoka kwenye mto Ruzizi, mto uleule ambao kituo chake cha pili, Ruzizi II, kinagawia Kongo, Rwanda na Burundi tangu mwaka 1989. Umeme unakatika, unarudi, unapanda na kushuka. Kila unaporudi kwa nguvu, kitu cha kwanza ndani ya kompyuta kupokea pigo ni alimantasio. Nzuri inajizima yenyewe ili kulinda mashine. Ile ya bei ya chini kabisa mara nyingi haina ulinzi huo.

Mnunuzi afanye nini pale dukani? Asome karatasi iliyobandikwa ubavuni, si maandishi makubwa ya kartoni. Atafute mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi grafike zinakula hapo. Azidishe 12 kwa ampere zilizoandikwa. Tuseme kartoni inasema wati 500, lakini mstari wa volti 12 una ampere 18 tu: 12 mara 18 ni wati 216. Zile 500 ni maneno. Kadi kama RTX 3060 inatumia hadi wati 170 yenyewe, na mtengenezaji wake, Nvidia, anashauri alimantasio ya wati 550. Tena, wengine wanaogopa kwamba kisanduku cha wati 600 kitakula umeme wa wati 600 kila saa. Sivyo. Kinavuta kile mashine inachoomba, pamoja na kidogo kinachopotea kama joto.

Aangalie pia nyuma ya kisanduku. Kama kuna kibonyezo chekundu chenye namba 115 na 230, kiwe kwenye 230 kabla ya kuchomeka. Kikiachwa kwenye 115, kwa umeme wetu wa volti 220 kisanduku kinalipuka mara moja.

Kable nazo zina siri yake. Kuna alimantasio ambazo kable zake zinachomoka. Fundi akiona kable ya alimantasio moja inaingia vizuri kwenye nyingine, anafikiri ni sawa. Si sawa. Upande unaoingia kwenye kisanduku hauna kanuni moja: kila kampuni inapanga nyaya kwa namna yake, na hata kampuni moja inaweza kubadilisha toka modeli hadi modeli. Pale disiki inapongoja volti 5, inaweza kupata 12, na picha zote za familia zinakufa kwa sekunde moja. Kanuni ni fupi: alimantasio ikiuzwa, iuzwe na kable zake, na ikinunuliwa bila kable zake, isinunuliwe. Pia kable ya prosesa, inayogawanyika 4 na 4, haifanani na ile ya kadi grafike, inayogawanyika 6 na 2, hata kama zote zina matundu 8. Ikikataa kuingia, isilazimishwe.

Wanaonunua kompyuta za okazyo za ofisi wawe na uangalifu zaidi. Modeli kadhaa za Dell na HP zina soketi yao wenyewe, na alimantasio ya kawaida haiingii humo.

Kuna watakaosema kwamba maneno haya ni ya matajiri, na kwamba kijana wa Rugenge anatafuta mkate, si karatasi ya ampere. Hoja hiyo ina uzito, lakini jibu lake si kununua kisanduku kibovu. Jibu ni kununua kadi ndogo. Kadi kama GTX 1650 inatosheka na wati 75, na nyingi za aina hiyo hazihitaji hata kable ya ziada. Mpira utachezwa. Na mwenye kutumia plake za jua atafaidika zaidi: mashine ya wati 300 ikicheza saa moja toka kwenye bateri, imekula umeme ambao ungejaza simu 10 hivi. Kama ni konvertisere, iwe ya wimbi safi na yenye wati za kutosha, la sivyo hata alimantasio nzuri inaweza kuzimika katikati ya mchezo.

Basi kuna mambo matatu ambayo hayahitaji projé wala mfazili. Mwenye chumba atenge prize ya simu na prize ya kompyuta, zisining'inie zote kwenye multiprize moja nyembamba. Muuzaji akubali kufungua kartoni ili karatasi isomwe kabla ya feza kutoka. Na mama anayeleta simu, kabla ya kuiacha, aguse kable inayotoka ukutani. Ikiwa ya moto mkononi, arudi na simu yake, tena amwambie mwenye chumba kwa nini anarudi nayo.