Tarakilishi Isimfute Mtoto wa Watu

Leo tuzungumze kuhusu tovuti za kutafuta mababu. Mnazijua: unaandika jina la babu, tovuti inakuletea karatasi za zamani, halafu inakuuliza kwa heshima zote kama watu hawa wawili ni mtu mmoja. Ukibonyeza ndiyo, wawili wanakuwa mmoja. Mimi mwandishi wa programu nasema kitufe hicho ni hatari, na ushahidi wangu unatoka Ayalandi.

Kwa nini Ayalandi, na sisi tuko Kenya? Kwanza, tuna jamaa huko. Barack Obama, ambaye sisi tunamhesabu kuwa wa Alego, ana babu wa upande wa mama aliyeitwa Falmouth Kearney, mwana wa fundi viatu wa kijiji cha Moneygall, aliyehamia Marekani mwaka 1850 akiwa kijana wa miaka 19. Mababu wa Alego tumekuwa nao katika kitabu chake tangu 1995, wakitajwa na nyanya yake kwa kichwa. Kearney alikuja kujulikana 2007, baada ya karatasi za Marekani kulinganishwa na daftari za kanisa la kwao. Watu wa kalamu na wino wakamfuata nyanya miaka 12 baadaye!

Pili, data ya Ayalandi ni ya bure mtandaoni, na ni ngumu kweli kweli. Sensa za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote Juni 1922, hifadhi ya kumbukumbu ya Four Courts mjini Dublin ilipolipuka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imeziharibu zamani. Za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, karatasi ikiwa adimu. Sensa kamili za zamani zaidi zilizobaki ni mbili tu, 1901 na 1911. Kwa miaka ya nyuma unaokota vipande: daftari za parokia za Kikatoliki, nyingi zikiwa na majina kwa Kilatini (James ni Jacobus), vyeti vya kuzaliwa na kufa kuanzia 1864, na orodha ya kodi ya Griffith ya 1847 hadi 1864, ambayo inamtaja mwenye kukalia nyumba na kuwasahau wote waliolala ndani.

Sasa mpe mashine vipande hivyo iunganishe.

Ianze na majina. Kanuni ya Soundex, iliyopewa hataza Marekani 1918, bado inatumika kulinganisha majina yanayotamkwa karibu sawa. O'Brien inapata O165. Brien, ambaye mara nyingi ni mtu yule yule aliyeandikwa na karani mwingine, anapata B650. Na Byrne, ukoo tofauti kabisa? B650. Yaani jina moja limepasuliwa na koo mbili zimeozeshwa. Kisha kuna desturi ya majina: kifungua mimba wa kiume aliitwa jina la babu wa upande wa baba, wa pili la babu wa upande wa mama. Wakikuyu wanaosoma hapa wameshacheka. Ndugu wanne wakifuata desturi hiyo, kitongoji kimoja kina binamu wanne wa jina moja la ubatizo na jina moja la ukoo.

Umri nao usiuamini. Pensheni ya uzee ilianza Januari 1909 kwa waliotimiza miaka 70, na ghafla watu waliokuwa na 56 mwaka 1901 wakawa na 71 mwaka 1911. Wengine walidanganya, wengine hawakuwahi kujua umri wao hadi serikali ilipouliza. Programu inayodai tofauti ya miaka 10 kamili itawatupa wote. (Pensheni hiyo ilituachia zawadi pia. Waombaji wasio na cheti waliomba sensa za 1841 na 1851 zipekuliwe, karani akaandika alichokiona. Sensa ziliungua, fomu zake zikapona.)

Lakini linaloniuma hasa ni hili. Sensa ya 1911 iliuliza kila mwanamke aliyeolewa: ndoa yako ina miaka mingapi, ulizaa watoto wangapi walio hai, wangapi wanaishi hadi leo? Tuseme mama anajibu 9 na 6. Daftari la ubatizo lina Bridget wa 1872 na Bridget wa 1875, baba yule yule, mama yule yule, kitongoji kile kile. Programu inaona marudio. Mtumiaji anabonyeza ndiyo. Kumbe Bridget wa kwanza alikufa, na mtoto aliyefuata akapewa jina lake, jambo la kawaida Ayalandi wakati huo. Sasa mti wa ukoo una watoto 8, sensa inasema 9, na tovuti inakuwekea alama nyekundu kwamba huenda mama alikosea hesabu. Mama hakukosea.

Wenzangu wanaounda tovuti hizi hunijibu kwamba mteja anataka mti uliokamilika jioni moja. Sawa, mpeni. Ila karatasi na mtu vikae kwenye majedwali mawili. Karatasi ikishanakiliwa isiguswe tena, hata tahajia yake mbovu. Kauli kwamba karatasi hizi mbili zinamhusu mtu mmoja iwe mstari wake peke yake, wenye jina la aliyesema, tarehe na sababu, ili kesho mwingine aitengue bila kupoteza chochote. Hiyo si kazi ya miezi, na diski siku hizi ni bei ya chini. Ila nadhani wengi hawataki, kwa sababu mti wenye maswali hauuziki kama mti wenye majani.

Anayetaka kujaribu aanze na sensa ya 1911 katika tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi. Chukua nyumba moja. Toa watoto waliomo ndani kwenye idadi ya walio hai, kisha nenda 1901 uone nani alikuwepo. Waliopungua huenda wameolewa kijiji cha pili, au wako Boston. Wale 3 waliokufa watafute kwenye vyeti vya vifo, mmoja mmoja, kwa macho yako.