Kisangani: diploma iko mfukoni, kazi iko wapi?

Siku ya kutangazwa kwa matokeo, barabara za tarafa ya Makiso hujaa poda nyeupe. Pikipiki zinapiga honi, wajomba wanaimba, mama mzazi anatandika kikwembe chini ili mtoto wake akikanyage. Wiki chache baadaye poda imekwisha oshwa, na kijana yuleyule anaonekana amekaa kwenye kabini ya rafiki yake, akiuza kredi ya simu na kusubiri mtu wa kumtumia pesa ndugu yake aliye Kinshasa. Wengine wamepanda toleka, baiskeli za abiria ambazo Kisangani inajulikana kwazo, au wamechukua pikipiki ya mtu na kila jioni wanampelekea mwenyewe hesabu yake. Hakuna aibu katika kazi hizo. Lakini hakuna mzazi aliyelipa ada ya masomo miaka mitano ili mtoto aendeshe toleka.

Ndiyo maana swali linaulizwa kila mahali siku hizi, sokoni, kwenye mitumbwi ya kuvuka kwenda Lubunga, na hasa katika nyumba zinazohifadhi familia zilizokimbia: je, chuo kikuu kinamtayarisha kijana kwa kazi kweli? Familia iliyopoteza nyumba na shamba haina pesa ya kujaribu mara mbili. Ikimpeleka mtoto mmoja chuo, wadogo zake watabaki nyumbani.

Wengi wameshapata jibu lao: diploma haina maana tena, mtoto ajifunze ufundi. Jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu inayobaki inaweza kumpoteza mtoto vilevile.

Kwanza ni lazima kukumbuka diploma hii ilitengenezwa kwa ajili gani. Chuo kikuu cha Kisangani kilianza mwaka 1963, mji ukiitwa bado Stanleyville, kikiwa chuo huria chini ya makanisa ya Kiprotestanti. Mwaka 1971 serikali ikakiunganisha na vyuo vikuu vingine vya nchi kuwa kimoja, UNAZA, na mwaka 1981 kikaachiwa kujitegemea, ndipo likaja jina la UNIKIS. Nchi ilikuwa imepata uhuru mwaka 1960 ikiwa na wenye shahada wachache mno, makumi tu. Aliyemaliza masomo alipewa ofisi, mara nyingine na nyumba. Hakuna aliyeuliza kama anajua kazi. Kazi alijifunza hukohuko ofisini, kwa mkubwa wake, akiwa tayari anapata mshahara.

Ofisi zile zimekwenda wapi? Sotexki, kiwanda cha nguo ambacho vikwembe vyake vilivaliwa mbali na Tshopo, kimesimama miaka na miaka. Reli ya Kisangani hadi Ubundu, kilomita 125, iliyomalizika mwaka 1906 ili kuzunguka maporomoko ya mto, leo treni yake haitegemewi tena kama zamani. Mtoni, meli kubwa za serikali zimeachia nafasi mashua za mbao, na mwenye mashua anamwajiri mtoto wa dada yake. Inabaki serikali. Huko wazee hawataki kustaafu kwa sababu wanajua malipo ya uzeeni ni madogo au hayafiki, na kijana anangoja kiti ambacho mwenye kukikalia hawezi kusimama.

Kwa hiyo mahali ambapo mwenye diploma alikuwa akimalizia kujifunza kazi pamefungwa, lakini chuo kimeendelea kufundisha kana kwamba pako wazi. Hapo ndipo tatizo lilipo. Chuo kinatoa nusu ya kwanza ya matayarisho, ile ya kichwani, na kuamini kwamba mwajiri atatoa nusu ya pili. Mwajiri naye, hasa mashirika yanayobandika matangazo ya kazi mjini, anadai miaka 3 au 5 ya uzoefu. Uzoefu huo kijana angeupata wapi?

Tazama namna masomo yanavyokwenda katika idara nyingi. Mwalimu anatoa silabusi, mwanafunzi anainunua au anaipiga kopi, anaikariri, anairudisha kwenye karatasi ya mtihani. Mwisho wa masomo anaandika kazi ya utafiti, mara nyingi juu ya mada iliyokwisha kuandikwa na wenzake wa mwaka uliopita na wa mwaka ule mwingine. Staji ipo kwenye ratiba, ni kweli. Lakini mwanafunzi wa utawala anayepelekwa katika ofisi ambayo haina mashine, haina umeme, wala faili mpya, anakaa kwenye benchi ya nje mwezi mzima, anapeleka barua kutoka chumba hiki hadi kile, kisha anapewa alama 16 kwa 20 na muhuri. Muhuri huo ndio utakaoitwa uzoefu.

Katika chuo hichohicho, hata hivyo, kuna kitivo ambacho swali hili haliulizwi: kitivo cha udaktari. Mwanafunzi wa udaktari anaingia katika vyumba vya wagonjwa, anakesha, anafanya zamu, anakemewa na daktari mkubwa mbele ya mgonjwa. Akimaliza, huenda serikali isimlipe kwa wakati, na hilo ni kosa kubwa la aina nyingine. Lakini hakuna anayesema daktari kijana wa Kisangani hajui kazi. Hospitali ilikuwa sehemu ya darasa lake tangu mapema.

Mfano wa pili uko Yangambi, katika wilaya ya Isangi, kilomita kama 100 kuteremka mto. Wabelgiji walianzisha huko mwaka 1933 kituo cha utafiti wa kilimo, INEAC, ambacho leo ni INERA, na kwa muda mrefu majengo yake yaliliwa na msitu. Miaka hii ya karibuni, kupitia mradi wa CIFOR uliolipiwa na Umoja wa Ulaya, wanafunzi wa UNIKIS waliosomea shahada za juu walipelekwa huko kupima miti, kupanga mbegu, kufanya kazi katika maabara ya mbao. Kuna pia mnara wa mita 55 unaopima hewa inayoingia na kutoka katika msitu, na mnara huo unahitaji watu wa kuutunza kila siku. Mwanafunzi aliyepita hapo anaweza kusema: nimefanya hiki na hiki. Kitu kimoja cha kusikitisha ni kwamba njia hiyo ilifunguliwa kwa pesa za wageni, na pesa za wageni zina tarehe ya mwisho.

Walimu ni habari nyingine kabisa. Anayesoma kwenye chuo cha ualimu, ISP, anafundisha darasa la kweli, mbele ya watoto wa kweli, kabla ya kupata diploma. Matayarisho yake si mabaya. Tangu serikali itangaze masomo ya bure katika shule za msingi mwezi wa 9, mwaka 2019, madarasa yamejaa na walimu wanahitajika kuliko wakati wowote. Hata hivyo wapo wengi wanaoitwa unité mpya, wanaofundisha bila kuingizwa kwenye orodha ya mishahara. Hapo usiilaumu diploma wala chuo. Kijana yuko tayari, kazi ipo, watoto wako mbele yake wanangoja, na kinachokosekana ni mwajiri kulipa.

Sasa, turudi kwa wale wanaosema ufundi tu. Kisangani ina mfano wa kale wa kujifunza kwa mikono: Wagenya wa maporomoko. Mtoto wa Mgenya anaanza na wazazi wake mtoni, anajifunza kusimika miti katikati ya maji makali na kufunga mitego ile mikubwa ya fito, na hakuna anayemwita mvuvi mpaka mtego wake umeleta samaki. Ni shule nzuri. Lakini ni shule inayofanya kazi kwa sababu mto upo na samaki wapo.

Fundi wa kuchomelea vyuma anahitaji umeme. Bwawa la mto Tshopo liko mjini kabisa, lina mitambo 3, na kila mkaaji anajua jinsi ambavyo mtambo mmoja ukiharibika mtaa mzima unalala gizani, na wa pili ukiharibika mji wote. Kijana aliyejifunza kuchomelea anakodi jenereta, faida yote inaishia kwenye mafuta. Na mafunzo mafupi yanayoletwa kwenye makambi na familia pokezi, mara nyingi ya miezi 3, ni yaleyale: cherehani, sabuni, kusuka nywele. Ukiwafundisha akina dada 40 wa eneo moja kushona, umetengeneza washonaji 40 wanaomgombania mteja mmoja. Ufundi bila soko una ugonjwa uleule wa diploma bila ofisi, ila umegharimu kidogo zaidi.

Familia zilizokimbia vita vya Wambole na Walengola, vilivyoanza mwezi wa 2 mwaka 2023 upande wa Lubunga na Ubundu, zina mzigo wa ziada. Nyumba zilipochomwa, karatasi ziliungua ndani. Kuna vijana waliomaliza shule ya sekondari lakini hawawezi kuonyesha diploma ya serikali, na wengine waliokatiza chuo mwaka wa pili. Kwa hao, diploma ina maana kuliko wanavyoambiwa na majirani. Pasipo karatasi, hata mashirika yanayotafuta watu wa kuandikisha wakimbizi hayawapokei, wakati wao ndio wanaojua lugha za wale watu na vijiji walivyotoka. Matokeo ya mtihani wa taifa hayakuungua pamoja na nyumba: orodha zake zinatunzwa na ofisi ya ukaguzi wa shule, na mahali pa kuanzia ni shule alikosoma kijana au ofisi ya ukaguzi ya jimbo. Viongozi wa makambi wangefanya kazi nzuri kwa kukusanya majina na kuyapeleka pamoja, kuliko kila mzazi kuhangaika peke yake na nauli ya pikipiki.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi hawakuelezwa vya kutosha. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vimeingia katika mfumo wa LMD. Zamani ilikuwa gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Sasa lisansi ni miaka 3, masta miaka 2, udaktari wa utafiti miaka 3. Jina la lisansi limebaki, miaka yake imepungua. Mwajiri aliyezoea lisansi ya miaka 5 anamtazama wa miaka 3 kwa wasiwasi. Mabadiliko haya yangekuwa nafasi nzuri ya kuingiza kazi ya mikono ndani ya ile miaka 3, na pale ambapo silabusi ya miaka 5 imebanwa tu ikaingia katika 3, mwanafunzi amepoteza mara mbili.

Serikali ya jimbo haiwezi kufufua Sotexki kwa mwaka mmoja. Inaweza lakini kufanya jambo dogo zaidi. Shule, vituo vya afya na majengo ya utawala yanajengwa katika wilaya za nchi kwa mpango wa wilaya 145, na Tshopo ina wilaya 7 ndani yake. Kila mkataba wa ujenzi ungeweza kumlazimisha mjenzi kuchukua wanafunzi wa ujenzi, wa hesabu na wa umeme kwa miezi 6, wenye kazi ya kufanya na chakula cha mchana. SNEL ingeweza kufanya hivyo kwenye bwawa lile lile linaloharibika. Vyuo navyo vinaweza kukataa kusaini staji ambayo mwanafunzi hana la kuonyesha zaidi ya muhuri.

Wakati hayo hayajafanyika, mzazi bado ana haki ya kuuliza. Anapofika kwenye ofisi ya kuandikisha, asiulize ada peke yake. Aulize pia: mtoto atafanyia wapi kazi za vitendo, mwaka gani, chini ya nani? Waliomaliza miaka 2 iliyopita wako wapi leo? Idara ambayo haina jibu imeshajibu. Na mtoto naye aulizwe anachotaka, maana wengi wanaandikishwa uhusiano wa kimataifa kwa sababu tu mjomba alipenda jina lake.

Pesa ya awamu ya kwanza ikishalipwa, hairudi.