FOMU YA KIDATO CHA TANO ISOMWE KABLA YA KULIPIWA

Ndugu wanachama,

Kamati imepokea maombi matatu ya mkopo wa elimu. Wazazi wote watatu wanataka kuwapeleka watoto kidato cha tano katika shule za Kikatoliki. Kamati imegawanyika. Wengine wanasema ushirika usitoe hata senti, maana Serikali ilifuta ada ya kidato cha tano na sita katika shule zake tangu mwaka wa masomo 2022/23. Wengine wanasema mtoto aliyefaulu asizuiwe. Sisi tunasema mkopo utolewe, lakini fomu isomwe kwanza.

Kwa nini utolewe? Kwa sababu nafasi ya Serikali haiji kila mara kama mtoto alivyoomba. Anayetaka udaktari anahitaji Fizikia, Kemia na Biolojia. Akipangiwa Historia, Jiografia na Kiswahili, njia ile imefungwa. Na kusema shule ya mapadri si yetu, hilo tulikatae. Pugu ilikuwa ya mapadri, ikiitwa St. Francis, na Mwalimu Nyerere alifundisha pale mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya kazi ya TANU. Leo ni shule ya Serikali. Loyola ya Mabibo, iliyofunguliwa na Wajesuiti mwaka 1995, na Marian ya wasichana kule Bagamoyo, zote ni za Watanzania. Ndugu zetu Waislamu wanauliza: mtoto atabatizwa kwa nguvu? Hapana. Shule hizi hupokea watoto wa dini zote. Ila taratibu za sala hutofautiana, basi mzazi aulize mapema, asingoje kugombana baadaye.

Sasa kwa nini tunasisitiza kusoma? Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari. Majina ya waliopangiwa shule za Serikali hutoka baadaye sana, mara nyingi Mei au Juni, na masomo huanza Julai. Katikati hapo mzazi anahangaika. Shule binafsi zinauza fomu, zinafanya usaili, zinataka malipo ya kwanza haraka. Hapo ndipo hela zinapopotea.

Mwaka jana mwenzetu mmoja alinunua fomu za shule tatu. Binti yake akafaulu usaili wa shule moja. Mzee akauza pikipiki na mbuzi, akalipa, akaweka sahihi. Juni majina yakatoka: binti kapangiwa shule ya Serikali, na masomo yale yale aliyoyataka. Mzee akaenda kudai hela zake. Akaonyeshwa ukurasa wa nne: ada ikishalipwa hairudishwi. Akatuambia, "Mimi nilidhani ule ukurasa ni orodha ya sare." Jamani, fomu ilikuwa ya Kiingereza, na barua ya udhamini tulimwandikia sisi wenyewe, hapa ofisini, bila kuifungua fomu hiyo. Lawama hiyo ni yetu.

Baadhi yetu tulijifunza kusoma katika madarasa ya jioni ya elimu ya watu wazima, tukiwa tayari na watoto. Tunajua mtu anavyokunja karatasi na kusema kasahau miwani. Haya hiyo tunaielewa. Lakini haya hailipi deni.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi:

1. Kila mwombaji wa mkopo alete fomu yote, pamoja na fomu ya kujiunga. Kijana wetu mmoja aliyemaliza kidato cha sita aisome kwa Kiswahili mbele ya mzazi na mtoto, ukurasa kwa ukurasa.

2. Ijumlishwe gharama ya miaka miwili yote: ada, sare, godoro, vitabu, vipimo vya afya, nauli za likizo. Katika shule nyingi binafsi ada peke yake ni mamilioni kwa mwaka. Mkopo wa muhula mmoja tu ni kumpandisha mtoto basi na kumshusha njiani.

3. Mzazi aulize, na aandikiwe jibu: mtoto akipangiwa shule ya Serikali, tutarudishiwa kiasi gani?

4. Anayeomba shule ya Kikatoliki asiache kufuatilia nafasi yake ya Serikali.

5. Mtoto mwenyewe aulizwe anataka kusoma nini. Yeye ndiye atakayekaa darasani, si sisi.

Na yule mzee aliyepoteza hela zake? Tunaomba mkutano mkuu umwongezee muda wa kulipa deni lake la ushirika. Tulimdhamini kwa macho yaliyofumbwa, tusimdai kwa macho makali.

Njooni mkutanoni, tuamue pamoja. Asiyeweza kusoma tangazo hili asomewe na jirani.

Ushirika ni nguvu.

Katibu wa Chama