Mgonjwa wa Banalia Alingoja Nini?

Tarehe 8 Septemba 2021 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Banalia, katika jimbo letu la Tshopo, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Kisangani. Walioshukiwa kuugua walikuwa 261, na 129 kati yao walikuwa wameshafariki. Watu walikuwa wakizikana tangu Juni. Jibu la uhakika lilitoka Paris, katika maabara ya Taasisi ya Pasteur. Ndipo timu zikaja na seftriaksoni, sindano ya kawaida kabisa. Wagonjwa walizidi kupatikana, lakini waliokufa wakawa wachache. Ugonjwa ulikuwa uleule.

Kwa nini tiba ilichelewa? Wengi watataja barabara, na hawakosei. Kanda 23 za afya za Tshopo zimetawanyika katika jimbo lenye karibu kilomita za mraba 200,000, sehemu kubwa ikiwa msitu na mito. Hata hivyo, naomba tuanze na pesa.

Katika kituo cha afya cha kijijini mgonjwa hununua fishi, yaani karatasi ya matibabu, kwanza, kisha hulipia kipimo, kisha dawa. Mama mwenye mtoto anayechemka homa hufungua fundo la kitenge, huhesabu noti zake, halafu hupita kwa muuza dawa wa sokoni kununua vidonge vinne vya rejareja. Kituoni atakwenda baada ya siku ya soko, akishauza mpunga. Akifika, mtoto keshaanza degedege, na anakaripiwa kwa kuchelewa. Hilo linaniuma. Mama huyu alijua vizuri mtoto anaumwa. Alichokosa ni bei ya kuingia mlangoni.

Muuguzi naye tusimwonee. Wauguzi wengi wa vijijini hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali, wanakula kile mgonjwa alicholipa. Akitibu bure, nyumbani kwake jiko haliwaki. Mpango wa kujifungua bure uliozinduliwa Kinshasa mwaka 2023 ni jambo jema, ila hautadumu kijijini ikiwa fidia ya kituo haifiki kwa wakati.

Kumweka muuguzi karibu na mgonjwa si jambo jipya. Huko Yakusu, mwendo mfupi tu chini ya mto kutoka hapa Kisangani, daktari Clement Chesterman wa misheni ya Wabaptisti alipambana na malale miaka ya 1920 kwa kufunza wauguzi Wakongomani na kuwaweka katika zahanati za vijiji. Sitetei ukoloni, uliowapima watu kwa amri. Nasema tu kwamba muuguzi alimtangulia mgonjwa kijijini, akamkuta angali na nguvu.

Makala za toleo hili zinatoka katika vituo vidogo vya vijijini vya leo. Kwa gavana na wabunge wetu wa jimbo tuna ombi moja: watangaze, kituo kwa kituo, wauguzi ni wangapi, wanaopokea mshahara ni wangapi, na waliobaki wataingizwa lini katika orodha.