Picha za Chuki, Je, Tuonyeshwe?



Muhula huu darasani mwetu palizuka mabishano: je, yafaa wanafunzi waonyeshwe sinema za vikundi vya wabaguzi na wauaji? Wengi walikataa, wakisema picha hizo zafundisha ukatili. Mimi nasema yafaa.

Hofu yao si ya bure. Mwaka 1915 huko Marekani ilitoka picha iitwayo The Birth of a Nation, iliyowasifu Ku Klux Klan, kundi la Wazungu lililowatesa na kuwaua watu weusi. Kundi hilo lilikuwa limekwisha kufa. Mwaka huohuo likafufuka. Mwaka 2018 Spike Lee alilifichua katika BlacKkKlansman. Ni picha nzuri, lakini mtazamaji aweza kusema, “Hayo ni ya Wazungu.”

Likizo iliyopita, nyumbani kwa mjomba hapa Ilala, nilitazama Sometimes in April, picha ya Raoul Peck ya mwaka 2005. Yaeleza habari za ndugu wawili wa Rwanda, jirani zetu, mwaka 1994. Augustin ni askari anayepoteza mke na watoto. Honoré, nduguye, ni mtangazaji wa redio ya chuki, na mwishowe ashitakiwa Arusha, katika nchi yetu. Silaha yake ilikuwa kipaza sauti. Redio ile iliwaita Watutsi mende, na Interahamwe wakashika mapanga. Kwa siku 100 hivi watu wapatao 800,000 waliuawa.

Hapo nikaona haya. Yuko mwenzetu tuliyempachika jina la mnyama kwa sababu ya kabila lake, nami nilicheka pamoja na wengine. Tuliita utani. Lakini mtani hujibu, na yeye hakujibu hata siku moja, aliinama tu. Wahenga walisema, mzaha mzaha hutunga usaha.

Hapa kwetu, toka Buguruni hata sokoni Kariakoo, watu wa kila kabila na rangi husongamana, na majina ya kudharauliana hayakosekani. Basi naomba walimu watuonyeshe picha hiyo, sisi wa vidato vya juu, wakiwapo wenyewe, na baadaye tujadiliane. Wazazi nao waalikwe.

Mwenzetu yule nimekwisha kumwomba radhi. Alinipa mkono, akaniita kwa jina langu. Nami sasa namwita kwa lake.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne