Gari Refu Si Gari Imara

Imekuwa ada hapa kwetu, tangu Kwale hadi Lamu, mtu akijaaliwa kupata gari la kupandia mchanga na matope, kazi ya kwanza ni kulipeleka kwa fundi likainuliwe. Liwe Land Rover, Hilux, Prado au Land Cruiser, mwenyewe haridhiki nalo mpaka alione limesimama juu kama dungu la shambani. Sisi hatuna ugomvi na mtu kupamba chake. Lakini ndani ya gari hilo hupanda mama, watoto, wazee na jirani aliyeomba abebwe. Roho zao si mali ya mwenye gari. Ni amana mikononi mwake. Kwa hivyo si ufidhuli kumwuliza: ewe bwana, gari hili waliinua kwa haja gani, kwa kiasi gani na kwa vifaa gani?

Jambo lenyewe si geni kwa watu wa bahari. Jahazi likiisha kushusha shehena, nahodha mwenye akili hatweki tanga mpaka atie farumi chini, mawe au mchanga, kwani ajua kwamba chombo chenye uzito juu na wepesi chini hupinduka. Gari nalo lina hukumu hiyo hiyo. Lina kitovu chake cha uzito, na kitovu hicho kikipanda, uthabiti hushuka.

Natupige hesabu ndogo ya mfano. Chukua gari ambalo kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia ni sentimita 150, na kitovu chake cha uzito kiko sentimita 75 kutoka ardhini. Nusu ya upana ni 75. Ukiigawanya kwa kimo cha 75, wapata 1. Sasa liinue gari hilo sentimita 10 kwa springi. Magurudumu na ekseli hubaki chini, lakini mwili wote hupanda, na kitovu chafika kama sentimita 83. Gawanya tena: wapata 0.90. Maana yake umeuza fungu moja katika kumi la uthabiti wa gari lako. Ongeza mizigo na keria juu ya paa, kama tuonavyo watu wakielekea Lamu wakati wa Maulidi, na hesabu yazidi kuwa mbaya.

Na je, umenunua nini kwa bei hiyo? Wengi hudhani kwamba springi ndefu huliepusha gari lote na mawe. Sivyo. Lile dunda la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, ambalo mafundi huliita difu, halipandi hata ukucha kwa springi. Hupandishwa na tairi kubwa tu, nalo kwa nusu: tairi likizidi sentimita 5 kwa upana wake wa kuvuka katikati, difu hupanda sentimita 2 na nusu. Faida ya springi ni kuinua tumbo la gari na kuipa tairi nafasi ya kucheza. Ni faida ya kweli, lakini ina mpaka.

Hasara nyingine hazionekani kwa macho. Ekseli ikishuka mbali na mwili, paipu ya breki huvutika, na siku gurudumu litakaponing'inia shimoni yaweza kukatika. Shafti hukaa mshazari, viungo vyake vikalika upesi. Usukani hupoteza ule utiifu wa kurudi wenyewe, gari likawa latangatanga njiani. Kuna na magari ambayo breki zake za nyuma zina valvu inayopima mzigo kwa jinsi mwili ulivyo karibu na ekseli. Gari hilo likiinuliwa bila valvu kurekebishwa, huliona kama tupu ilhali limejaa watu, ikapunguza nguvu ya breki za nyuma.

Zamani njia ya Garsen hadi Mokowe ilikuwa ya udongo, na mvua ikinyesha gari lilitambaa kama kobe. Aliyeinua gari lake alikuwa na hoja. Sasa njia hiyo ina lami, na gari lile lile lililotengenezewa matope lakimbizwa kilomita 100 kwa saa. Punda akikatiza ghafla na dereva akauvuta usukani, hapo ndipo deni la kimo hudaiwa. Kimo hutafutwa matopeni. Bei yake hulipwa kwenye lami.

Hatusemi magari yasiinuliwe. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 1997 na yale ya 2023 yaliwaonyesha watu wa Tana kwamba gari la juu kidogo lina kazi yake. Twasema kila jambo na kipimo chake. Anza na tairi nzuri. Kwenye mchanga punguza upepo, tuseme kutoka 35 hadi 20, na urudishe kabla ya kupanda lami. Mara nyingi hilo pekee latosha kukutoa. Ikiwa haja ingalipo, sentimita 5 zatosha kwa wengi wetu. Nunua springi zilizopimwa kwa uzito unaoubeba kila siku, si ule wa mara moja kwa mwaka, na shokamzoba za urefu unaolingana nazo, zote kutoka seti moja.

Umkatae fundi atakayekuwekea vipande vya chuma chini ya springi za mbele, au atakayebandika kipande juu ya kipande ili kimo kiongezeke. Kabla hujamlipa, mwambie alinyanyue gari kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie, muitazame pamoja paipu ya breki. Magurudumu yapangwe upya, taa zishushwe zisiwapofushe wenzio, na baada ya kilomita mia chache bolti zote zikazwe tena. Kisha iarifu kampuni ya bima, kwani gari lililobadilishwa kwa siri laweza kukunyima fidia siku ya haja.

Na huyo fundi wetu naye ana lake la kujibu. Kusema “haya yamenishinda” au “hizi ni nyingi mno” si aibu. Ni uaminifu wa kazi. Pesa za mteja hula leo, lakini jukumu la roho za watu halina kuisha. Gari lisifiwe kwa kuwafikisha watu salama, si kwa urefu wa ngazi ya kulipandia.