Methani Chini ya Barafu

Chini ya barafu nene ya Greenland umezikwa udongo wenye mabaki ya viumbe vya kale. Humo, pasipo oksijeni, vijiumbe huozesha mabaki hayo na kuzalisha gesi ya methani. Kiangazi kinapoyeyusha barafu, maji hupenya kwenye nyufa hadi chini, yakaisomba gesi hiyo na kuitoa hewani.

Mwaka 2015 wanasayansi walipima mto unaotoka chini ya barafu ya Leverett, kusini-magharibi mwa Greenland. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature yalionyesha kuwa angalau tani 6 za methani zilibebwa na maji hayo katika msimu huo mmoja.

Kiasi hicho ni kidogo kikilinganishwa na kile cha mifugo, madampo na visima vya mafuta. Hata hivyo, kwa kipindi cha miaka 100, methani hunasa joto takriban mara 28 zaidi ya uzito uleule wa kaboni dioksidi. Tena chanzo hiki hakina bomba la kufungwa. Dawa yake ni moja: serikali zipunguze sasa uchomaji wa makaa ya mawe, mafuta na gesi, ambao ndio unaoyeyusha barafu yenyewe.